Ufundi Nyumbani: Springi Hubeba, Mafuta Hutuliza

Juma lililopita tulizungumza habari za mnyororo wa pikipiki na meno yake, tukaahidi kwamba mara hii tutashughulika na sehemu ambayo watu huiona kila siku wasiijue kazi yake. Nayo ni ile jozi ya shokomzoba iliyosimama nyuma, huku na huku kwa gurudumu. Wenye kusema Kifaransa huziita amortisere. Leo twawaandikia hasa ndugu zetu wa Boga na vijiji vya jirani, kwa sababu njia yao huziadhibu sehemu hizo kuliko njia nyingi tuzijuazo.

Boga iko kusini mwa Bunia, yapata kilomita 100, katika nchi ya vilima inayotazama bonde la mto Semliki. Apolo Kivebulaya, yule mwalimu wa Waanglikana aliyefika huko mwaka 1896 akitoka Toro, alilivuka bonde hilo kwa miguu. Siku hizi mtu atokaye Bunia hupita Bogoro, Gety na Aveba juu ya pikipiki, katika njia ya udongo ambao mvua huulainisha ukawa kama sabuni, na jua likiwaka hugeuka kuwa mifereji migumu. Gari hupita kwa shida, na majira ya mvua pengine lisipite kabisa. Basi kila kitu cha nyumbani hupanda pikipiki: gunia la kakao au la kahawa, mihogo, bidhaa za duka, mwalimu na vitabu vyake, hata jeneza. Tena hupanda mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Mwezi wa Juni mwaka 2021 watu wenye silaha waliivamia hospitali ya Boga, wakaipora na kuichoma sehemu yake. Nyakati kama hizo mgonjwa hana budi kupelekwa mbali zaidi, na chombo kilichopo mlangoni ni hicho hicho chenye magurudumu mawili.

Mtu akiulizwa springi za nyuma zina kazi gani, karibu kila mara hujibu kwamba ni za kumpa abiria raha. Jibu hilo si la uongo, lakini limeanza mwishoni. Kazi ya kwanza ya springi ni kulishikisha gurudumu ardhini. Fikirini pikipiki isiyo na springi ikipita juu ya jiwe lenye kimo cha sentimita 8. Gurudumu likipanda, pikipiki yote hupanda pamoja na dereva, abiria na gunia. Na jiwe likiisha kupitwa, vyote hubaki hewani kitambo kidogo kabla ya kuanguka tena. Kitambo hicho gurudumu halisukumi, breki ya nyuma haifanyi kazi, na mpira haushiki njia. Kwenye mteremko wenye kona, kitambo hicho chatosha kumpeleka mtu korongoni. Pikipiki yenye springi nzuri hufanya vingine: gurudumu hupanda jiwe peke yake, likashuka peke yake upesi, na kiti hubaki karibu pale pale kilipokuwa. Raha ya abiria ni matokeo tu ya kazi hiyo.

Wazee wetu waliopanda pikipiki za zamani wanajua maana ya kukosa springi. Nyingi zilizoundwa kabla ya vita kuu ya pili zilikuwa na springi mbele na nyingine chini ya kiti, lakini gurudumu la nyuma lilikazwa moja kwa moja katika fremu. Si kwamba hapakuwa na watu wenye akili ya kutengeneza vingine. Mwaka 1928 Giuseppe Guzzi, ndugu wa yule aliyeanzisha kiwanda cha Moto Guzzi huko Italia, alipanda pikipiki yenye gurudumu la nyuma lililotegemea springi, akaenda nayo mpaka kaskazini kabisa ya Norway ili kuijaribu. Mwaka ule ule kijana Mwingereza, Philip Vincent, alikuwa na fremu yake ya namna hiyo. Hata hivyo wanunuzi wengi hawakuamini. Walisema kwamba gurudumu linalochezacheza litaifanya pikipiki iyumbe, na wakati mwingine walisema kweli, kwa maana mikono iliyoshika gurudumu ilikuwa dhaifu na viungo vyake vililegea upesi. Shaka hiyo ilipungua sana mwaka 1950, wakati kiwanda cha Norton kilipoleta mashindanoni fremu aliyoibuni Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini. Mkono wake wa nyuma ulikuwa imara, tena ulishikwa na shokomzoba mbili zenye mafuta ndani. Yeyote anayeitazama leo TVS, Boxer au Senke katika soko la Bunia aona mpango ule ule.

Neno la mafuta ndilo tulilotaka kulifikia, kwa kuwa hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Shokomzoba ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Nje kuna springi, nayo hubeba mzigo. Ndani kuna bomba lililojaa mafuta, na katikati yake pistoni yenye vitundu vidogo. Gurudumu likipanda, springi hubanwa. Likishuka, springi huachia. Springi haili nguvu iliyopewa, huiweka tu, kisha huirudisha yote karibu kama ilivyo. Mwachie mtoto mpira kutoka juu ya meza, nao utadunda, udunde tena na tena. Hivyo ndivyo springi iliyo peke yake. Kazi ya mafuta ni kuimeza nguvu ile. Yakilazimishwa kupita katika vitundu vyembamba huzuia mwendo wa pistoni, na nguvu ya kuruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana mafundi waliotengeneza shokomzoba huwa wameyafanya mafuta kuzuia zaidi wakati springi inapoachia kuliko inapobanwa: jiwe lipokelewe upesi, lakini kiti kisirushwe juu.

Sasa tazameni yatendekayo njiani. Mwenye pikipiki abeba gunia mbili, nyuma yagonga chini kwenye kila shimo. Aenda kwa fundi, naye amwambia, "Papa, springi zako zimechoka." Zawekwa springi nene zaidi, au zaongezwa shokomzoba nyingine mbili pembeni, zilizotolewa katika pikipiki iliyokufa, hata pikipiki ikawa na nne, au vipande vya mpira vyashindiliwa katikati ya mizunguko ya springi. Twakiri kwamba pikipiki haigongi tena chini, na mwenyewe hurudi nyumbani akimsifu fundi. Lakini ni nini kilichobadilika? Nguvu ya kurusha imeongezeka, na mafuta ya kuimeza ni yale yale ya zamani, au hayapo kabisa kwa sababu yamevuja siku nyingi. Gunia likiwapo, mambo huenda kwa kadiri. Jioni dereva arudi mtupu, na ile springi iliyokazwa kwa ajili ya kilo mia haisogei hata kidogo kwa mtu mmoja. Gurudumu lapigapiga juu ya mawe kama jembe. Twaona kwamba ajali nyingi za kurudi mtupu, zile ambazo watu husema "mpira uliteleza tu", zafaa kuchunguzwa upande huu kabla ya kuusingizia mpira.

Ziko hasara nyingine pia. Mahali ambapo zile shokomzoba za nyongeza zimechomelewa hapakuundwa kupokea nguvu. Fremu ya pikipiki ndogo ni bomba jembamba. Likipigwa mahali lisipopatarajia, huanza kupasuka pembeni mwa mchomeleo, chini ya rangi, mahali ambapo macho hayaoni mpaka siku ya kukatika.

Twataka kusema neno pia juu ya ile pete yenye ngazi iliyo chini ya springi, ambayo mara nyingi huwa na ngazi tano. Wengi hudhani kwamba kuipandisha hufanya springi kuwa na nguvu zaidi. Sivyo. Springi ni ile ile. Pete huibana mapema tu, ili pikipiki yenye mzigo isikae chini mno. Ngazi ya chini ni ya dereva aliye peke yake, za juu ni za abiria na mzigo. Ni kazi ya dakika mbili kwa ufunguo mdogo unaokuja pamoja na pikipiki mpya, na ambao, twasikitika kusema, ndio wa kwanza kupotea. Pande zote mbili ziwe ngazi moja. Upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, mkono wa gurudumu husokotwa.

Kabla ya kulaumu springi, tazameni kwanza mzigo umewekwa wapi. Hapa yatupasa kufanya hesabu kidogo, na tunawaomba akina mama pia waifuate, kwa maana wao ndio mara nyingi hufunga mizigo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika pikipiki hizi ndogo ni kama sentimita 125. Tuseme gunia la kilo 50 limewekwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma: gurudumu la nyuma hubeba kilo zote 50, na la mbele halioni kitu. Sasa gunia lile lile lisukumweni nyuma sentimita 30, juu ya ile kariya ndefu ya chuma ambayo wachomeleaji huitengeneza. Zidisheni 50 kwa 30, mgawanye kwa 125, mtapata 12. Maana yake gurudumu la mbele limeinuliwa kilo 12, na la nyuma sasa labeba 62. Gunia halikuongezwa hata punje moja, lakini shokomzoba zimepata mzigo mwingine, na usukani umekuwa mwepesi pale hasa unapohitajika kuwa mzito, yaani kwenye kupanda kilima. Magunia mawili yakiwa hivyo, mbele hupungua kilo 24. Mzigo mzito na ukae karibu na dereva, chini iwezekanavyo. Vitu vyepesi kama magodoro na vikapu ndivyo viende nyuma.

Hesabu hiyo yamhusu mgonjwa kuliko gunia. Desturi ya njia hizi ni kumweka mama mwenye uchungu katikati, dereva mbele yake, na nyuma yake ndugu wa kumshika asianguke. Twaelewa kwa nini, na pengine hakuna njia nyingine. Lakini yule ndugu wa nyuma huwa amekaa juu ya kariya, nyuma ya ekseli, na watu watatu wameziweka springi chini kabisa, hazina tena nafasi ya kusogea. Kila shimo basi humfikia mama moja kwa moja kama kwamba pikipiki haina springi. Ikiwa ziko pikipiki mbili kijijini, ndugu na apande ya pili, mama akae karibu na dereva, akifungwa naye kwa kitenge ikiwa hana nguvu za kujishika. Pete zipandishwe kwa watu wawili kabla ya kuondoka. Mipira isipunguzwe upepo mno ati ili iwe laini, kwa sababu mpira uliolegea kwenye mawe hupasuka, na kupasukiwa usiku kati ya Boga na Aveba ni jambo ambalo familia nyingi hazihitaji kuelezwa.

Sasa twaja kwenye kupima, kazi ambayo baba wa nyumba aweza kuifanya mwenyewe uani.

Kwanza, bonyezeni kiti kwa nguvu zote za mikono miwili, kisha mwachie ghafula. Kiti kipande mara moja na kutulia. Kikipanda, kikashuka na kupanda tena mara mbili tatu kama mtumbwi ziwani, mafuta yamekufa, hata kama springi yang'aa kwa rangi nyekundu. Pili, baada ya safari ya saa moja ya njia mbaya, simameni mguse bomba la kila shokomzoba kwa kidole, mkijihadhari na bomba la moshi. Joto la kadiri ni dalili njema, maana tulisema kwamba mafuta hugeuza nguvu kuwa joto. Moja ikiwa na joto na ya pili baridi, ile baridi haifanyi kazi, na mwenzake abeba kazi ya wawili. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba shokomzoba iliyo baridi ndiyo mbovu.

Kipimo cha tatu chataka utepe wa fundi cherehani. Simamisheni pikipiki juu ya stendi yake ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia, mpime toka ekseli mpaka alama mliyoiweka kwenye fremu chini ya kiti. Andikeni. Kisha ishusheni, dereva akae na mzigo wake wa kila siku, mtu mwingine apime tena. Safari yote ya gurudumu katika pikipiki hizi ni kama sentimita 10. Ikiwa imeshuka sentimita 3 au zaidi kidogo, ni vyema: imebaki nafasi ya kupokea mashimo, tena gurudumu lina nafasi ya kulifuata shimo kwenda chini. Ikiwa imeshuka 6 au 7, pandisheni pete, na isipotosha, punguzeni mzigo. Ikiwa haikushuka hata 1, springi ni ngumu mno kwa kazi hiyo, na aliyewauzia kwa sifa ya ugumu amewauzia kiti cha mawe.

Mwisho wa kupima, inueni nyuma tena, mshike gurudumu na kulisukuma kushoto na kulia. Mkisikia "koto koto", bushi za mkono wa nyuma zimekwisha. Bushi ni kitu cha bei ndogo. Lakini zikiisha, gurudumu la nyuma hujiendea upande wake kwenye kona, na springi mpya hazitalirudisha. Na kwa sababu juma lililopita tulisema habari za mnyororo, twaongeza hapa: mkono ukipanda na kushuka, mnyororo hukaza na kulegea. Hukaza kuliko wakati wote pale ambapo ekseli, bawaba ya mkono na meno ya mbele vimekaa katika mstari mmoja. Anayeukaza mnyororo pikipiki ikiwa tupu, bila kuacha ulegevu, ataukuta umevutwa kama uzi wa zeze akishapakia.

Ikiwa mmelazimika kununua, nunueni mbili kwa pamoja. Pimeni urefu toka tundu la juu mpaka tundu la chini, uwe sawa na wa zile za kwanza. Ndefu zaidi huinua nyuma na kuufanya usukani kuwa na haraka, fupi zaidi huleta mpira kwenye madigadi. Dukani, fundi na aondoe springi ikiwezekana, avute na kusukuma pistoni kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo ikisukumwa na kukataa zaidi ikivutwa. Ikienda huru kama pampu ya baiskeli isiyo na upepo, irudisheni juu ya meza.

Wako mafundi hodari wanaotoboa shokomzoba iliyovuja, wakatia mafuta mapya na kuziba. Kazi hiyo huweza kusaidia kwa miezi kadha, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa njia ni ndefu na vipuri ni ghali. Lakini ziko shokomzoba zenye kichupa kidogo pembeni, na nyingi za hizo zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi. Hizo zisitobolewe wala kuchomelewa kamwe, wala zisitupwe motoni. Mtoto asiachiwe kuichezea iliyotupwa nyuma ya karakana.

Watu hutuuliza pia kwa nini pikipiki nyingine zina shokomzoba moja tu, iliyofichwa chini ya kiti. Wazo hilo katika sura yake ya siku hizi lilitoka kwa Mbelgiji, Lucien Tilkens, na kiwanda cha Yamaha kikalinunua. Mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson alipata ubingwa wa dunia wa mashindano ya porini katika daraja la sentimita mchemraba 250, akipanda Yamaha yenye mpango huo. Gurudumu hupata safari ndefu zaidi, na mkono hausokotwi, kwa maana hakuna kushoto na kulia kutofautiana. Wale waliopanda Yamaha DT katika njia za matope wanaujua wema wake. Lakini ikifa, imekufa yote, na kuitoa ni kazi ya nusu siku. Zile mbili za nje hutolewa kwa ufunguo mmoja kando ya njia. Kwa mtu wa Boga mwenye pikipiki moja ya kulisha nyumba yake, sisi tungechagua mbili.

Mkirudi toka safari ya matope, osheni sehemu ile kwa maji mengi kabla udongo haujakauka, hasa pale fimbo ya pistoni inapoingia ndani ya bomba. Udongo uliokauka hukwaruza sili kila gurudumu linapopanda, na mafuta huanza kutoka taratibu, tone kwa tone, pasipo mtu kuona. Msipake grisi hapo, kwani hushika mchanga. Maji na kitambaa vyatosha, na mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya kazi hiyo akionyeshwa mara moja.

Juma lijalo, breki ya nyuma.